Gari gani la kuvuta boti ya futi 28 kutoka Dar hadi Mwanza kwa usalama?

Nahodha wa Nyanza

Wakuu, habari za majukumu.

Nimepata boti ya faiba, futi 28, ipo Dar na imefanya kazi baharini miaka kadhaa. Ina injini mbili za nje za Yamaha F200, tangi la petroli la lita 600 na tela lake la ekseli mbili. Nataka kuipeleka Mwanza ibebe watalii na wageni wa visiwani, na mara moja moja niivute mpaka Musoma. Karatasi ya muuzaji inasema boti bila injini ina kilo 2,300. Tela anasema ni kilo 900.

Sasa natafuta gari la kuivuta. Nimeangalia Ford Ranger, Hilux ya injini ya 2.8, na Land Cruiser mkonga yenye injini ya 1HZ. Kila ninayemuuliza ananiambia "inavuta hiyo". Mimi nataka kujua ipi itavuta huku nikiwa na amani, maana nitakuwa na vijana wangu ndani na mbele yetu kuna mabasi ya watu. Wenye uzoefu karibuni, nawasilisha.

Tabora Boy 79

Mkuu chukua mkonga, usipoteze muda. 1HZ haina mambo ya kompyuta, ukikwama Nzega saa nane mchana fundi wa chini ya mwembe anakutengenezea na unaendelea na safari. Chesisi ni ya kweli, springi ni za kweli. Hizo Ranger ni za mjini.

Mzee wa Masafa

Kwa uimara namuunga mkono Tabora Boy. Ila mleta uzi ameuliza usalama, na hapo nina la kusema, kwa kuwa njia hiyo nimeipita na mizigo kwa muda mrefu wa maisha yangu.

Kutoka Dar unaanzia usawa wa bahari. Morogoro uko kama mita 500, halafu ukishatoka Dumila kuitafuta Gairo unapanda kweli kweli. Dodoma ni zaidi ya mita 1,100, Singida kama 1,500. Hapo 1HZ itakuchosha. Ni injini ya lita 4.2 isiyo na tabo, nguvu yake ya mzunguko ni Nm 285, na isiyo na tabo inapungukiwa kadiri unavyopanda kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Hilux ya 2.8 yenye gia za otomatiki, ile ya kuanzia 2020, ina Nm 500. Utalia na mkonga kwenye mlima wa Gairo, foleni ya malori nyuma yako.

Lakini kupanda siyo tatizo. Ukishindwa kupanda unaenda polepole, basi. Tatizo liko mbele, unapotoka Singida kuelekea Igunga. Pale Sekenke unashuka mpaka bonde la Wembere, mteremko una kona, na nyuma yako una tani nne zinazotaka kufika chini kabla yako. Gari linachaguliwa kwa ajili ya pale. Yeyote anayekwambia habari za farasi wa injini muulize Sekenke utasimamaje.

Nahodha wa Nyanza

Asante mzee. Umesema tani nne, lakini mimi kwa hesabu yangu ni 3,200 tu, boti na tela. Ranger na Hilux zote zimeandikwa zinavuta 3,500.

Fundi Chesisi

Mleta uzi, shika kalamu. Mimi natengeneza matela na hili ndilo eneo ambalo watu wanaumia, kwa hiyo nitaandika kirefu.

Boti kavu 2,300. Injini za F200 kila moja ni zaidi ya kilo 220, weka 450 kwa mbili pamoja na propela. Petroli lita moja ina takriban kilo 0.74, kwa hiyo tangi lako la lita 600 likijaa ni kilo 444. Betri, nanga na mnyororo wake, kamba, makoti ya kuokolea maisha, viti vya wageni, kisanduku cha zana: weka 150 kwa kubana. Tela 900. Jumla ni karibu 4,250. Ndiyo tani nne za mzee, na bado hujaweka begi la mtu hata mmoja.

Sasa hiyo 3,500. Namba hiyo ni ya tela lenye breki zake. Tela lisilo na breki, gari hizo hizo zimeandikwa kilo 750. Kwa hiyo kabla hujauliza gari gani, angalia tela: lina breki? Zinafanya kazi? Tela lililokuwa linaingizwa kwenye maji ya chumvi mara nyingi lina ngoma za breki zilizoshikana kwa kutu, na mwenye nalo alishakata paipu zamani ili lisimsumbue. Kwa nje linaonekana tela zuri tu. Nimeyafungua mengi ya namna hiyo.

Namba ya pili ambayo wauzaji hawaitaji ni uzito wa gari na tela kwa pamoja. Chukua Ranger ya dabo kabini ya 3.2, ile iliyotangulia toleo la 2022. Mtengenezaji anaruhusu jumla ya kilo 6,000 kwa gari na tela. Ukivuta 3,500 gari linabaki na 2,500. Gari lenyewe tupu ni karibu 2,200. Umebaki na kilo 300 za wewe, vijana wako, mafuta, mabegi na tairi la akiba la tela. Watu wazima wanne wanaimaliza yote. Kwenye tangazo ni "inavuta tani 3.5 na inabeba tani moja". Kwa pamoja haiwezi, na mtengenezaji mwenyewe ameandika hivyo kwenye kitabu cha gari ambacho hakuna anayekifungua.

Kwa hiyo kwa boti yako ilivyo, Ranger, Hilux na mkonga zote zimetoka. Hata Land Cruiser 200 yenye V8, au 300, na mbwembwe zake zote, nazo kikomo ni 3,500.

Tabora Boy 79

Fundi, nakuheshimu ila mbona mtaani tunaona mkonga zinavuta mpaka Fuso lililokwama?

Fundi Chesisi

Kuvuta Fuso kutoka kwenye tope kwa mwendo wa mtu anayetembea ni kazi ya gia na tairi. Kuvuta tani 4 kwa kilomita 80 kwa saa na kulizuia lisikusukume ni kazi ya breki na uzito wa gari lenyewe. Gari la tani 2.2 mbele ya mzigo wa tani 4.2, mzigo ndio unaoamua mnaenda wapi. Mbwa akiwa mwepesi kuliko mkia, mkia ndio unamtikisa mbwa.

Rasi ya Houston

Salamu kutoka Texas. Nyumbani ni Tanga, huku nafanya kazi karibu na Galveston ambako kila wikiendi barabara imejaa boti.

Huku jibu la boti kama yako lingekuwa Ford F-250 au Ram 2500. F-250 ya dizeli, V8 ya lita 6.7, yenyewe inazidi tani 3, na hapo ndipo siri yake ilipo, uzito na breki kubwa. Lakini sikushauri uagize. Usukani ni wa kushoto tu kutoka kiwandani, na siku kihisi cha injini kikifa uko Shelui utakisubiri muda mrefu sana.

Nichangie mambo mawili ambayo nayaona hayajasemwa.

La kwanza ni uzito wa pua ya tela, yaani ile sehemu inayokaa juu ya gari. Kwa boti tunataka iwe kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wote wa tela, wengine hupenda ikaribie 10. Ikiwa nyepesi, tela linaanza kuyumba kulia na kushoto ukizidisha mwendo au lori kubwa likikupita. Likianza kuyumba ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, na USIKANYAGE breki za gari kwa nguvu. Kama una kidhibiti cha breki za tela ndani ya gari, vuta hizo peke yake. Usijaribu kuliongoza kwa usukani, kila ukikata linaongezeka.

La pili ni ule mpira wa chuma ambao tela linakaa juu yake. Tela la Ulaya lina kikombe cha milimita 50. Tela la Marekani lina inchi 2, ambayo ni milimita 50.8, au inchi 2 na 5/16, ambayo ni karibu 59. Kwa macho 50 na 50.8 ni kitu kimoja, na mtu atafunga na kuondoka. Kikombe cha inchi 2 juu ya mpira wa 50 kina nafasi, na kila tuta linakigonga na kukila. Kile kikubwa kikiwekwa kwenye mpira mdogo, kitaruka. Boti nyingi zinazofika Afrika Mashariki zimetoka pande zote za dunia, kwa hiyo soma namba iliyogongwa kwenye chuma, usikisie. Na minyororo ya usalama iwe miwili, ipishane chini ya kikombe kama X, ili pua ikichomoka ianguke juu ya minyororo na siyo kwenye lami.

Mzee wa Masafa

Umesema tuta. Ndugu yangu, Dar hadi Mwanza matuta ni ya kijiji hadi kijiji. Tela lenye boti linapigwa kuliko lori la mahindi kwa sababu boti imekaa juu ya mihimili michache tu. Faiba inapasuka pale pale ilipokalia.

Bi Mizigo

Nafanya kazi ya kusafirisha mizigo, nakaa Kurasini. Naomba kuuliza upana wa boti.

Nahodha wa Nyanza

Mita 2.8 dada.

Bi Mizigo

Basi kabla ya gari lolote nenda TANROADS (Wakala wa Barabara) ukaulizie kibali cha mzigo usio wa kawaida. Boti ikishakuwa pana hivyo huwezi kuiingiza barabarani kimya kimya. Na fahamu kwamba sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito inagusa magari kuanzia kilo 3,500, kwa hiyo hutakwepa mizani: Vigwaza, Mikese, Nala na kuendelea. Gari na tela lenye jumla ya tani sita na nusu siyo tena mambo ya pikapu. Hata mwendo, gari la zaidi ya kilo 3,500 ni 80 nje ya makazi, 50 ndani ya makazi.

Mimi ningependa nikuulize swali lingine kabla ya hilo la gari. Hiyo safari ya Dar hadi Mwanza utaifanya mara ngapi?

Nahodha wa Nyanza

Mara moja tu. Ikifika ziwani imefika.

Bi Mizigo

Sasa kwa nini unanunua gari la milioni nyingi kwa ajili ya safari moja? Kodi lowbed, lile lori la tela la chini la kubebea mitambo. Boti inanyanyuliwa kwa kreni ikiwa kwenye fremu yake, inafungwa mikanda, inakwenda na dereva aliyezoea njia, breki za upepo kila ekseli, na bima ya mzigo unaikata kwa jina lako. Tela tupu linapandishwa humo humo au linafuata nyuma ya pikapu, hapo halina shida ilimradi breki zake zifanye kazi. Gari la kununua lichaguliwe kwa kazi ya kila siku ya ziwani. Hizo ni kazi mbili tofauti na umeziweka kwenye kapu moja.

Fundi Chesisi

Dada umemaliza. Nilikuwa nakuja huko huko.

Mwana wa Watamu

Wakenya tupo pia. Mimi niko upande wa boti za uvuvi wa michezo hapa pwani, Watamu. Ufukweni hatutumii gari la kifahari, trekta ndiyo inatutoa. Ina uzito, magurudumu makubwa, gia ya chini kabisa, na maji ya chumvi yakiigusa hakuna anayelia. Nahodha, pale utakaposhushia boti Mwanza pakoje? Mchanga, mawe au saruji?

Nahodha wa Nyanza

Kuna kipande cha saruji kifupi halafu changarawe. Mteremko wa wastani. Kushusha na kupandisha itakuwa kwa ajili ya kusafisha na matengenezo, siyo kila siku, muda mwingi boti italala majini. Ila Musoma nayo naihitaji, kama kilomita 220 za lami.

Mwana wa Watamu

Basi kwa kushusha trekta ya kukodi inatosha. Halafu zingatia hili, lori au pikapu, haijalishi: ukifika kutoka safari ndefu usiingize tela majini papo hapo. Hab (vitovu vya magurudumu) zimechemka. Zikikutana na maji baridi hewa iliyo ndani inasinyaa na kuyavuta maji kupitia sili, grisi inageuka maziwa, na safari inayofuata beringi inakufa njiani. Subiri mpaka ukigusa hab kwa mkono iwe ya kawaida. Kunywa chai kwanza.

Tabora Boy 79

Kwa hiyo kwa Musoma anunue nini? Maana uzi ulikuwa wa gari.

Fundi Chesisi

Njia ni mbili kwa maoni yangu.

Ya kwanza ni kuipunguza boti mpaka iingie ndani ya 3,500. Toa petroli yote, hiyo ni 444 imeondoka. Shusha nanga na vitu vyote vya ndani. Umebaki kama 3,650. Bado imezidi, kwa hiyo lazima injini zitoke, nazo zipande gari jingine. Ukizitoa utafika 3,200. Lakini angalia kinachotokea: umeondoa kilo 450 zilizokuwa nyuma kabisa ya boti, kwa hiyo pua ya tela inakuwa nzito ghafla. Itabidi boti irudishwe nyuma kwenye tela na kile kizuizi cha mbele kihamishwe. Na usizipakie hizo injini kwenye pikapu lile lile linalovuta, utakuwa umerudi kwenye hesabu ya 6,000. Inawezekana, lakini kila safari ya Musoma ni kufungua na kufunga injini mbili, nyaya, mafuta, usukani. Baada ya muda utachoka na siku moja utaziacha pale pale nyuma uvute hivyo hivyo. Mimi siipendi njia hii kwa sababu inategemea mtu asichoke.

Ya pili ni lori dogo. Isuzu NPS na Canter FG zipo za magurudumu manne yenye nguvu, na hata Isuzu NPR ya kawaida itafaa kama ufukweni unakodi trekta. Lina uzito wake, lina breki ya moshi (exhaust brake) ya kukusaidia mteremkoni, ekseli ya nyuma haishtuki na pua ya kilo 400. Chuma cha kuvutia kifungwe kwenye chesisi na fundi anayejua, kwa ndoano na pete badala ya mpira, na kibao cha mtengenezaji wa lori kisomwe kwanza kuona linaruhusiwa kuvuta kiasi gani. Breki za tela zisiwe zile za kusukumana, yaani zinazokaza tela linapolisukuma gari. Huko Ulaya breki za kusukumana mwisho wake ni tela la kilo 3,500, zaidi ya hapo wanataka za upepo, na wana sababu. Utapoteza starehe ya dabo kabini. Lakini lori hilo siku nyingine litakubebea mizigo ya wageni, mapipa ya mafuta, na litaingiza hela. Mkonga la kuegesha halikuingizii.

Rasi ya Houston

Nakubaliana, na naongeza tairi za tela. Ubavuni mwa tairi kuna namba ya uzito. 91 ni kilo 615, 104 ni kilo 900, 108 ni kilo 1,000, 112 ni kilo 1,120. Tela la tani 4.2 kwa tairi nne ni zaidi ya kilo 1,000 kila moja kama uzito umegawanyika sawa, na haugawanyiki sawa. Yeyote anayekuwekea mitumba ya gari dogo yenye 91 amekupa uwezo wa kilo 2,460 kwa zote nne.

Nahodha wa Nyanza

Wakuu, mrejesho.

Nimeipeleka boti polepole alfajiri, na lori la jamaa mbele, kwenye mizani ya kampuni moja ya vyuma chakavu jirani na inapokaa. Tangi tupu, vitu vya ndani vimetolewa, injini zipo. Tela na boti: kilo 3,960. Kwa karatasi za muuzaji ilipaswa kuwa 3,650. Tumepima lori likiwa na tela juu yake na likiwa peke yake, pua imetoa kilo 180 tu.

Fundi, hizo kilo 310 zimetoka wapi?

Fundi Chesisi

Karatasi ni ya boti mpya. Boti ya zamani ya faiba ina povu na mbao ndani ya sakafu, na zinanyonya maji miaka yote hiyo. Gonga sakafu kwa kipini cha bisibisi, sehemu inayotoa sauti nzito iliyokufa ndiyo yenye maji. Kidogo pia muuzaji amelipunja tela. Mueleze mambo hayo mawili kabla ya kumaliza kumlipa.

Pua 180 kwa 3,960 ni chini ya asilimia 5. Lingeyumba. Sogeza boti mbele kidogo kidogo, pima tena, tafuta kama 300 hadi 350.

Bi Mizigo

Nimefurahi umepima. Kwa lowbed ulizia kampuni tatu na uombe zikuandikie bei ikiwa na kreni pande zote mbili. Wengi wanakupa bei ya barabara tu, ukifika Mwanza unaambiwa kreni ni juu yako.

Nahodha wa Nyanza

Nimeamua lowbed mpaka Mwanza. Ranger nimeiacha. Kwa Musoma natafuta Isuzu NPR iliyotumika, na ndoano nitamwachia fundi. Swali la mwisho kwa fundi: hizo ngoma za breki zilizoliwa na chumvi, nibadilishe hapa Dar au Mwanza?

Fundi Chesisi

Dar. Vifaa vipo na bei ni nafuu kidogo. Weka diski badala ya ngoma kama zitapatikana za kuendana na hab zako, diski hazishiki maji na unaziona kwa macho bila kufungua. Paipu zote mpya, za shaba iliyochanganywa na nikeli au za chuma kisichoshika kutu. Nunua na hab moja nzima ya akiba yenye beringi ndani, imejazwa grisi, ifungwe kwenye tela pamoja na spana yake. Ikishafika ziwani maji ni baridi tu, hayana chumvi, kazi hiyo itakukalia miaka.